Aliyebaki Getini

Kwetu huku Australia, kaskazini ya Port Augusta, anayekaa kiti cha abiria ndiye anayefungua mageti. Hilo halina mjadala. Dereva hashuki. Wakibanana watatu mbele, mjanja hukimbilia kukaa katikati, kisha hujifanya anasinzia. Magari yakiwa mawili, gari la mbele hufungua na gari la nyuma hufunga. Na geti ulilolikuta limefungwa unaliacha limefungwa, hata kama hujaona kondoo tangu asubuhi na mwenye ranchi mwenyewe yuko kaburini. Baba alitufundisha haya kabla hatujajua kufunga kamba za viatu, na nusura yamuue.

Baba yangu ni Mervyn Hocking. Alizaliwa Tallowby, kubwa kuliko zote kati ya ranchi tatu za kondoo alizokuwa nazo babu, akakulia huko, akanyoa kondoo huko mpaka mgongo ukapinda. Ukame mkubwa ulipowamaliza kondoo babu aliuza zote tatu, na Baba akaenda mjini kuendesha malori. Kila Krismasi, akishasafisha sahani yake, alisema kabla hajafa anataka kulala tena Tallowby. Kila Krismasi mdogo wangu Royce alimwahidi kumpeleka, kisha tukakata keki. Mwaka huu daktari alimpima moyo, akatuita mimi na Royce pembeni, akazungumza kwa sauti ya chini, na hapo ndipo ahadi ikawa safari.

Watu wenye akili huenda kule miezi ya baridi. Lakini Royce alikuwa amepasuliwa goti, kwa hiyo tuliondoka baridi ilipokwisha na jua limeshaanza kazi yake. Nilisema tusubiri mwakani. Nilisema mara nyingi, tena kwa sauti.

"Glenys, wewe ukienda harusini unaulizia jeneza," Royce aliniambia.

"Mwakani nitakuwa wapi, mama?" Baba akauliza. Huniita mama akitaka kunishinda. Nikaanza kupakia maji.

Tulikwenda na magari mawili. Royce alitangulia na Baba katika landkruza yake, mimi nikafuata na pikapu iliyobeba mahema, chakula na maji, kama ilivyo desturi ya wanawake wa familia yetu kubeba kila kitu na kushukuriwa kwa chai. Usiku wa kwanza tulilala Nabb's Well, wa pili Korrina, zile ranchi nyingine mbili za babu. Nyumba za babu kule zimebaki mabomba ya moshi tu, yamesimama peke yake katikati ya mawe mekundu. Baba alitembea juu ya misingi akituonyesha jikoni, chumba cha bibi, mahali pa mbwa. Jioni alikaa juu ya pipa akimwangalia Royce akihangaika na kuni.

"Huo moto, mwanangu, unauwasha au unaubembeleza?"

"Kuni zina unyevu, Baba."

"Unyevu? Hapa? Mara ya mwisho mvua kunyesha hapa ulikuwa bado unanyonya."

Tulicheka mpaka birika likamwagika. Sikuwahi kumwona Baba na furaha kiasi kile, na nilijilaumu kwa kubisha. Kesho yake tungefika Tallowby. Nyumba ya Tallowby ilishaanguka, lakini banda la kunyolea kondoo lilikuwa bado limesimama, banda refu la mbao na mabati ambalo babu yake Baba alilijenga kwa mikono yake. Mpango ulikuwa tupige kambi korongoni, tupumzike, na asubuhi tumpeleke Baba bandani jua likiwa bado dogo.

Njia ya Tallowby ni vumbi jekundu laini kama unga. Ukimfuata mwenzako karibu unalila vumbi lake lote, kwa hiyo unamwachia nafasi mpaka unaona wingu tu mbele, wala gari hulioni. Nilimwachia Royce nafasi kubwa. Nilifunga madirisha, nikawasha kipoza hewa na muziki wangu. Kila nilipofika kwenye geti nililikuta wazi likinisubiri, nikapita, nikashuka, nikafunga, nikaendelea.

Geti moja lilikuwa kando ya tuta la bwawa la zamani. Nililikuta wazi kama mengine. Nilipita, nikashuka, nikalisukuma. Mnyororo ulikuwa wa moto hata nikalazimika kuushika kwa pindo la shati. Niliacha injini inaunguruma na mlango wazi, muziki unapiga. Niliangalia kulia na kushoto, kama mtu anavyoangalia tu, nikaona mawe na vichaka vifupi vya kijivu na lile tuta. Nikapanda, nikaondoka.

Nilipofika korongoni Royce alikuwa amepiga magoti chini ya miti, anapuliza moto.

"Mzee kalala?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Kalala wapi?"

"Garini kwako."

Nilicheka. Nilidhani ni mmoja wa mizaha yao. "Acha utani, Royce. Mwambie chai inakuja."

Ndipo akainua kichwa. Nilimwona anatazama kiti cha abiria cha pikapu yangu, palipokuwa na mfuko wa vitunguu.

"Dada, Baba yuko wapi?"

"Si yuko na wewe!"

"Alibaki pale getini. Lile lenye tuta. Alisema amechoka na redio yangu ya mpira, niende tu, atakusubiri wewe, afunge geti, apande kwako."

Nilishika mlango wa gari. Geti lenye tuta lilikuwa mbali nyuma, na tangu pale nilikuwa nimesimama njiani kula tufaha, tena nimekwenda polepole nikifurahia nchi. Jua lilikuwa limetoka utosini, lakini lilikuwa bado kali kuliko mchana wote. Nilikimbilia landkruza ya Royce. Juu ya kiti cha abiria kulikuwa na kofia ya Baba. Chini ya kiti, chupa yake ya maji. Ndani ya kofia, kikopo chake cha vidonge vya moyo.

"Hana kofia," nilisema. "Royce, hana hata kofia."

Tuliacha moto unawaka na landkruza ikiwa wazi, nikatia kikopo mfukoni, tukaondoka na pikapu kwa sababu ndiyo iliyokuwa na maji. Nilikanyaga mafuta kama mwehu. Royce aliruka kwenye kila geti, akalifungua, akarukia ndani nikiwa bado naondoka. Hatukufunga hata moja. Katika maisha yangu sijawahi kuacha geti wazi, na siku ile niliyaacha yote yanapepea nyuma yangu wala sikugeuka kuyatazama.

Kwenye geti lenye tuta hapakuwa na mtu. Mnyororo ulikuwa vilevile nilivyoufunga.

Tuliita. Sauti kule haina pa kugonga, inaondoka tu. Royce alizunguka tuta la bwawa, kisha nikamsikia amenyamaza. Nilimfuata. Nyuma ya tuta kulikuwa na alama za viatu vya Baba, kisigino cha kushoto kimeliwa upande, na mahali palipofukuliwa na kufukiwa vizuri kwa mguu, na kipande cha karatasi ya chooni chini ya jiwe. Alikuwa amekwenda haja. Alipoona vumbi langu bado liko mbali alidhani ana nafasi, na tumbo la mzee wa miaka ile haliendi kwa haraka ya mtu.

"Alikuwa hapa," nilisema. "Nilipokuwa nafunga, alikuwa hapa."

"Na wewe hukumwona?"

"Ningeonaje nyuma ya tuta?"

"Ungezima huo muziki wako! Ungeuliza nani kaacha geti wazi!"

"Geti huachwa wazi na gari la mbele, Royce! Ndivyo ilivyo! Wewe ndiye uliyemwacha mzee wa moyo juani kwa ajili ya mpira!"

Nilimpiga. Nina miaka hamsini na ushee, ni bibi wa wajukuu, na nilimpiga mdogo wangu kofi la uso katikati ya nchi isiyo na mtu. Hakunirudishia. Alisimama ameshika shavu, machozi yanamtoka. Kila dakika tuliyogombana Baba alikuwa anakauka mahali fulani.

Tukafuata alama. Alirudi kutoka nyuma ya tuta mpaka getini. Alisimama pale muda. Udongo ulikuwa umekanyagwa sana kuzunguka nguzo, kwa sababu nguzo ndiyo iliyokuwa kivuli pekee, kivuli chembamba kisichomfunika mtu hata bega. Mzee wa watu alikuwa anazunguka na kivuli kile. Kisha alama ziliondoka kufuata seng'enge kuelekea mashariki.

Baba ndiye aliyetufundisha kwamba aliyepotea asiondoke alipo. Alitutandika kwa hilo tukiwa wadogo. Kwa hiyo sikuelewa, mpaka Royce akapiga paji lake la uso.

"Tangi la Maili Tatu, lile la kwenye hadithi zake! Anafuata seng'enge kwenda kwenye tangi. Kuna kinu cha upepo cha kuvuta maji pale, kuna maji siku zote. Amepiga hesabu, ameona tutakawia, akaenda kwenye maji. Mzee mjanja yule!"

Nilicheka, nikalia hapohapo. Nilimwona kabisa Baba amekaa ukingoni mwa tangi, suruali imekunjwa, miguu ndani ya maji, anatungoja atutukane. Tulipanda gari tukaifuata seng'enge, na Royce akachukua redio ya upepo, ambayo pikapu pekee ilikuwa nayo, kuwaita walio karibu. Aliyejibu alikuwa mwanamke anayeitwa Dell, msimamizi wa ranchi ya jirani, na jirani kule maana yake ni mtu wa mbali sana.

"Tumempoteza baba yetu," Royce alimwambia. "Ana miaka themanini na zaidi. Lakini tunadhani yuko Tangi la Maili Tatu, Tallowby."

Redio ilikwaruza. "Tangi lipi?"

"La Maili Tatu. Lenye kinu."

"Kaka," Dell alisema, na nilijua kabla hajamaliza, "hilo tangi halina maji. Kampuni iliyoinunua ranchi ilipowaondoa kondoo iliziba visima vyote. Kinu kilishushwa kitambo. Hata seng'enge za ndani ziling'olewa. Mzee wako analijua hilo?"

Royce alinitazama. Baba alikuwa hajaikanyaga Tallowby tangu akiwa kijana. Kichwani mwake kila tangi lilikuwa limejaa na kila seng'enge imesimama. Kama angekuwa kipofu pale getini angekuwa salama zaidi, maana asingejaribu kuondoka.

"Halijui," Royce akasema.

"Sikilizeni, natoka sasa hivi, lakini nina mwendo mrefu. Ndege ya kuswagia ng'ombe haiwezi kuruka mpaka alfajiri. Mna maji?"

"Tunayo."

"Basi mtafuteni nyinyi. Msitengane. Mkitengana nitakuja kutafuta watatu."

Seng'enge ilikwisha ghafla. Nguzo ziling'olewa, nyaya zimeviringishwa kama keki kubwa zenye kutu na kuachwa hapo. Alama za Baba zilifika pale zikazunguka. Alikwenda huku, akarudi, akaenda kule, akarudi. Nilimsoma kwenye vumbi akijiuliza. Halafu akaendelea kwa kufuata mashimo ya nguzo, shimo hadi shimo, hatua zake zikiwa fupi sasa, na mahali pawili palikuwa na alama za viganja alipoanguka akajiinua.

Tangi la Maili Tatu ni duara la saruji lenye kimo cha kiuno. Kinu kilikuwa kimelala kando yake, mabawa yamepinda. Ndani ya tangi kulikuwa na mchanga, na kwenye mchanga shimo lililochimbwa kwa mikono, refu kufika kwenye kiwiko. Nilitia mkono. Pakavu mpaka chini. Ukingoni, yamewekwa vizuri kama yanavyowekwa kando ya kitanda, yalikuwa meno ya bandia ya Baba, ya juu na ya chini.

"Kayatoa kwa nini?" Royce akauliza kama mtoto.

"Kinywa kimekauka. Yanamkwaruza."

Niliyafuta kwa shati nikayatia mfukoni. Sitasahau uzito wake ule mdogo. Nikajiona nikiyapeleka kwa mtu wa mazishi, mtu yule ananiuliza kama tunataka mzee avishwe au hapana.

Kutoka kwenye tangi hapakuwa na alama tena. Nchi yote pale ni kokoto nyekundu, ngumu, zinazong'aa, na mtu mwepesi hazimwandiki. Tuliita mpaka koo zikapasuka. Tulipiga honi, tukazima injini tukasikiliza, tukapiga tena. Tulizunguka tangi kwa gari, duara dogo, kisha kubwa, kisha kubwa zaidi, Royce amesimama nyuma kwenye mahema ameshika paa, mimi nimetoa kichwa dirishani naogopa nisije nikamkanyaga. Kila kichaka kilikuwa Baba. Kila jiwe lililolala vibaya lilikuwa Baba. Nilisimamisha gari kwa ajili ya gunia kuukuu, nikalikimbilia, nikalikumbatia kabla sijajua ni gunia.

Jua lilianza kushuka. Mwanzoni nilifurahi, kwamba angalau joto litapungua. Kisha nikaelewa kwamba likizama hatutaona kitu, na mzee mwenye moyo ule, amekauka vile, hafiki alfajiri. Mimi si mtu wa kusali. Siku ile nilisali kwa sauti, tena kwa matusi. Nilimwambia Mungu mchukue Royce, nichukue mimi, chukua yeyote unayemtaka mwenye nguvu za kubishana nawe, mwache huyu.

Royce aligonga paa. Nilisimama. Aliteremka akaja dirishani, uso mwekundu kwa vumbi, mistari miwili ya machozi imepita katikati.

"Dada, tumsubiri Dell."

"Hapana."

"Mafuta yanapungua. Tukikwama na sisi..."

"Nimesema hapana. Panda."

"Glenys, labda ameshaku..."

"Ukilimalizia hilo neno nitakuacha hapahapa kama ulivyomwacha yeye!"

Lilikuwa neno baya, na nililiona likimwingia. Akazunguka akapanda kiti cha abiria, akaegemeza kichwa kwenye kioo. Kwa sababu sikutaka kumtazama, nilitazama kaskazini, nikauona moshi.

Nilidhani ni kimbunga cha vumbi. Lakini vumbi letu ni jekundu, na kitu kile kilikuwa cheusi, chembamba, kimenyooka. Kikanenepa tukikitazama. Kikawa kizito, kikajiviringisha, kikapanda juu mpaka kikashika mwanga wa jua linalozama. Upepo ulituletea harufu, na harufu ile sisi wote wawili tuliijua tangu utotoni kwenye nguo kuukuu za kunyolea za Baba: mafuta ya manyoya ya kondoo. Sakafu ya banda la kunyolea imeyanywa mafuta yale kwa vizazi, mbao zimelowa mpaka ndani. Kule kaskazini hakuna kitu kingine cha kutoa moshi wa namna ile, na hatukuwa tumedhani mzee yule angeweza kufika huko kwa miguu.

"Hapana," Royce alisema. "Banda? Baba hawezi. Ni bora afe."

"Kwa hiyo?" nilimwambia nikitia gia. "Kwa hiyo nani kaliwasha, kondoo?"

Sikufuata njia. Nilikata moja kwa moja juu ya mawe, sahani zikivunjika nyuma, kitu kikikwangua tumbo la gari, Royce ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Tulipofika banda lilikuwa limeshika upande mzima. Mabati yalikuwa yanalia na kujikunja. Moto ulitoka kwenye milango midogo ya chini, ile wanayosukumiwa kondoo walionyolewa. Joto lilitusimamisha mbali. Niliita jina lake, si Baba, nililiita jina lake, Mervyn, Mervyn, kama mama yetu alivyokuwa akimwita akichelewa kurudi.

Royce ndiye aliyemwona. Ng'ambo ya banda, upande wa upepo, kuna ukuta wa mawe uliobaki wa jiko la wanyoaji. Alikuwa amelala chini yake, ameukabili ukuta, shati limefungwa kichwani, mgongo wazi umeungua na kuvimba malengelenge. Nyusi hazikuwepo. Niliweka sikio kifuani. Nilisikia damu yangu mwenyewe tu ikipiga, nikamsukuma Royce anyamaze, nikasikiliza tena. Ulikuwepo. Ulikuwa unakwenda ovyo, unakimbia, unasita, lakini ulikuwepo.

Hatukumpa kikombe. Tulilowesha kitambaa tukakikamua kwenye midomo, tone kwa tone, na tukamwagia maji shingoni na kwapani. Muda mrefu hakuna kitu. Kisha ulimi ulitoka, mweusi, ukatafuta kitambaa. Royce alikaa chini kwenye majivu akalia kwa sauti, mtu mzima mwenye duka la vipuri. Nilimwekea Baba kidonge chini ya ulimi. Tulimpa maji tena. Giza lilikuwa limeanza kuingia lakini pale palikuwa na mwanga kama mchana.

"Niliwasha nje kwanza, kwa kiberiti cha mfukoni," Baba alisema. Bila meno maneno yalitoka laini, na ilibidi niiname. "Vijiti. Vichaka. Moshi mweupe, kidogo tu. Nikaisikia gari yenu. Mnazunguka. Mbali kule. Mnaondoka."

"Usiongee, Baba."

"Nikaingia ndani. Nikakaa kwenye nafasi yangu, pale ninaponyolea. Ile ya tatu. Mpini wangu wa mashine ya kunyolea bado umetundikwa." Akanyonya kitambaa. "Nikafikiri, nilale hapa. Ndicho nilichotaka, si ndiyo? Kulala hapa. Nikalala. Nikasikia honi tena. Mnapiga honi kama watu wa harusi."

"Tulikuwa tunakuita, Baba," Royce akasema.

"Nilijua mnaniita. Nikasema, hawa wajinga watazunguka mpaka wafe na wao." Alifumba macho. "Nikaamka."

Hakusema zaidi kuhusu hilo, na mimi sikumwuliza aliwashia wapi wala alijisikiaje. Mpaka leo sijamwuliza. Dell alitupata kwa moto ule ule, taa zake zilitokea mashariki zikiruka juu ya mawe, naye alikuwa na dripu ya ng'ombe na mikono isiyotetemeka. Alimchoma Baba sindano ya mshipa kwa mara moja. Alisema ataishi kama tutaondoka sasa. Tulimlaza nyuma kwenye pikapu juu ya mahema.

Wakati huo paa liliporomoka. Lilianguka lote kwa pamoja, na cheche zikapanda juu kuliko miti. Royce alivua kofia. Alifikiri Baba angependa kuona, kwa hiyo akaanza kumgeuza taratibu kwa mabega, amwelekeze kwenye moto.

"Usinigeuze," Baba akasema.

"Ni banda, Baba. Ni mara ya mwisho."

"Nimesema usinigeuze. Nipelekeni nyumbani."

Ile nyumba ya matofali aliyokaa tangu aondoke hapa, nyumba tuliyozaliwa na kukulia sisi, siku zote alikuwa anaiita Port Augusta, au anaiita kule, au anaiita kwa mama yenu. Nilidhani amechanganyikiwa, anaulizia nyumba iliyoanguka.

"Nyumbani wapi, Baba?" nilimwuliza.

"Nyumbani kwangu, Glenys. Mtaani. Nimeacha bomba la bustani linavuja."

Nilipanda nyuma, nikaweka kichwa chake mapajani, nikashikilia chupa ya dripu juu. Royce alifuata taa za Dell polepole ili tusimrushe. Moto uliendelea kuonekana nyuma yetu kwa muda mrefu, na Baba alilala macho wazi akitazama mbele, akiniuliza kila baada ya muda kama tumeshafika barabara ya lami.